Sinan, Fundi Aliyepandisha Msikiti Juu ya Maduka

Wengi wanaomtaja Sinan, fundi mkuu wa majengo wa Masultani wa Uturuki, huzungumzia kuba zake: msikiti wa Süleymaniye mjini Istanbul, uliomalizika mwaka 1557, na wa Selimiye mjini Edirne, uliomalizika 1575. Wana haki. Lakini bwana huyu alijenga pia maduka, na maduka hayo hayapewi heshima yanayostahili.

Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 15 katika kijiji cha Ağırnas, karibu na Kayseri, kwa wazazi Wakristo. Ujanani alichukuliwa na serikali, kama ilivyokuwa desturi ya zama hizo, akasilimu, akafunzwa useremala na kutiwa jeshini. Alikwenda vitani Belgrade, Mohács na Baghdad. Mwaka 1538 jeshi lilikwama kwenye mto Prut, penye matope yasiyoshika nguzo. Sinan akajenga daraja kwa siku 13. Haukupita muda akafanywa mkuu wa mafundi wote wa dola, kazi aliyoishika chini ya Masultani watatu kwa karibu miaka 50. Majengo yanayohesabiwa kuwa yake yanapita 300.

Sasa tuje kwenye maduka. Rüstem Pasha, Waziri Mkuu na mkwe wa Sultani Suleiman, alikuwa mtu wa mali, na watu walimsema sana kwa jinsi alivyoikusanya. Alifariki mwaka 1561, na msikiti wenye jina lake ukamalizika baada ya hapo. Kiwanja kilikuwa katikati ya soko la Istanbul, karibu na bandari, mahali pa wachukuzi na makelele, tena pa bondeni. Fundi mwingine angeubana msikiti baina ya vibanda, nao ungepotea. Sinan alitangulia kujenga maduka na maghala ya mawe yenye dari za matao. Juu yake akatandaza uwanja, na juu ya uwanja akauweka msikiti. Hivyo mzigo wote wa kuba umekaa juu ya mabega ya wachuuzi.

Apitaye njiani huona milango ya maduka, bidhaa zimetandazwa nje, kisha uwazi mdogo wa ngazi nyembamba. Akipanda, zogo la soko hubaki chini, na mbele yake ni kuta zilizojaa vigae vya Iznik, vya buluu na vyekundu.

Maduka hayo hayakuwa pambo. Yalikuwa wakfu, na kodi ya wakfu ndiyo iliyolipa imamu, mwadhini, mafuta ya taa na ukarabati. Msomaji wa Mombasa au Lamu hahitaji kufunzwa jambo hili: anazijua nyumba za wakfu, na anajua taabu inayoupata msikiti pale kodi inapoliwa au duka linapobomoka. Istanbul ya wakati huo ilikuwa na nyumba nyingi za mbao, na moto haukuisha. Duka la mbao likiungua, imamu hana mshahara. La mawe lina nafasi. Hata hivyo mawe nayo si kinga kamili, maana soko alilomjengea Ali Pasha huko Edirne liliungua mwaka 1992. Kuta zilisalia, likatengenezwa, na biashara ikarudi.

Sinan alifariki mwaka 1588. Kaburi lake, alilolisanifu mwenyewe, ni dogo, liko penye pembe ya njia mbili nje ya ukuta wa Süleymaniye. Naye pia aliacha wakfu wake.