John Gibbon, munganga aliyetafuta mashini ya kushika nafasi ya roho

Mtu wa Kilembwe akipata ugonjwa wa roho unaodai kupasuliwa, familia inachanga pesa na safari inakuwa ndefu: Dar es Salaam, Kampala, wengine mpaka India. Muzee anarudi, roho inapiga vizuri, lakini anaanza kusahau majina ya wajukuu. Hapo maneno ya uchawi yanaingia. Kumbe mambo yenyewe yanaeleweka ukifuata maisha ya Mumarekani mmoja, John Gibbon.

Alizaliwa Philadelphia mwaka 1903, baba yake naye alikuwa mpasuaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa munganga kijana kule Boston, alipewa kulinda mama mmoja ambaye damu iliganda na kuziba njia ya mapafu. Alikesha naye akipima presha, akiona damu yake inazidi kuwa nyeusi ju ya kukosa oksijeni. Wakampasua, lakini akafa. Pale kando ya kitanda Gibbon akawaza: kama tungetoa ile damu nje ya mwili, tuitie oksijeni, kisha tuirudishe?

Wakubwa wengi hawakuamini. Yeye na bibi yake Mary, waliyefanya naye kazi, wakajaribu kwa paka. Paka wenyewe walikuwa wa shida: usiku munganga mzima alizunguka barabarani na gunia na samaki kidogo, akikamata wale wasio na mwenyewe! Mwaka 1935 paka mmoja akaishi wakati mashini inafanya kazi ya roho na mapafu. Kisha vita ikamkatisha. Baadaye wataalamu wa kampuni ya IBM wakamsaidia kutengeneza mashini kubwa.

Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, alifungua roho ya msichana wa miaka 18 yenye tundu. Ubongo ukikosa oksijeni dakika chache tu unaanza kuharibika. Mashini ilimbeba dakika 26, na akapona. Wagonjwa waliofuata wakafa. Gibbon akaumia sana, akaachia wengine kazi hiyo.

Hao wengine waliokoa watu wengi, lakini wakaona jambo: wazee hasa wanaamka wamechanganyikiwa, na kwa wengine usahaulifu unabaki wiki ama miezi. Presha inaweza kushuka, vipande vidogo vya damu iliyoganda ama mapovu ya hewa vinaweza kupanda kichwani, na ubongo wa muzee hauna akiba kama wa kijana. Leo hospitali nyingine zinabandika kwenye paji la uso kifaa cha mwangaza kinachopima oksijeni ya ubongo wakati wa operesheni. Namba ikishuka, wanainua presha ama oksijeni. Kama kweli hiyo inazuia usahaulifu, watafiti bado wanabishana. Kwa hiyo, kabla ya safari, elezea munganga namna muzee anakumbuka mambo. Akirudi amebadilika, mrudishie habari yeye kwanza.

Gibbon mwenyewe ni roho ilimwondoa, Februari 1973, akicheza tenisi. Alikuwa na miaka 69.