Baden-Powell na Kambi ya Watoto

Baden-Powell alizaliwa London mwaka 1857, mwana wa kasisi, akawa jemadari. Lakini sisi wa Katubuka, tukaao kando ya ziwa, twamkumbuka kwa kambi yake. Agosti 1907, kisiwani Brownsea, Uingereza, alikusanya wavulana kama 20, wana wa matajiri na wana wa vibarua, wakalala hemani pamoja. Alfajiri aliwaamsha kwa pembe ya tandala aliyoitoa vitani Afrika, mchana wakacheza, usiku wakaota moto, wakasikiliza hadithi, kisha wakasali.

Alifariki Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo kila skauti huisoma: amekwenda kwao. Basi, wazazi na walimu, msidhani mchezo humtenga mtoto na Mungu.