Johann Ludwig Krapf (1810–1881)

Krapf alikuwa mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza. Alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe Rosine na binti yao mchanga walifariki, naye mwenyewe akiugua homa. Hata hivyo, hakuacha wito wake. Alijifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri Biblia, na mwaka 1846 akafungua kituo cha Rabai pamoja na Rebmann. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, baada ya kifo chake.

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu mchango wake, usiishie kutaja tarehe. Eleza pia kwamba imani ndiyo iliyomfanya abaki alikowazika mkewe na mwanawe.