Mohamed Amin: Mtoto wa Reli na Kijisanduku cha Picha

Mlezi wa chama alituambia kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki. Wenzangu wengi walikimbilia marais na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua mpiga picha, na sababu yangu iko kabatini kwa nyanya.

Humo kabatini mna kamera ya plastiki ya marehemu babu. Ni nyeusi, nyepesi kama kikombe cha uji, haina betri wala cha kurekebisha. Unalipa jua mgongo, unashika pumzi, unabonyeza. Ukikosea ndiyo basi, filamu imeliwa. Babu alikuwa akiwapiga watu picha kwa kamera hiyo karibu na stesheni ya zamani ya Voi, siku za Krismasi, halafu wangojee mpaka filamu ioshwe. Nilidhani ni kitu cha kuchezea mpaka niliposoma habari za Mohamed Amin.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943. Wazazi wake walikuwa Waislamu wa asili ya Punjab, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Sisi wa Voi tunajua maisha ya watu wa reli: leo uko hapa, kesho umepewa uhamisho. Familia hiyo ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko kijana alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha tumika. Kodak walianza kuuza Brownie mwaka 1900 kwa dola moja tu, na ya kwanza ilikuwa sanduku la karatasi ngumu. Baadaye zilikuja hata za plastiki. Box Brownie unaishika kifuani, unachungulia kutoka juu, na filamu nzima hutoa picha 8. Nane tu, jamani! Mimi kwa simu ya mjomba hupiga nane kabla sijaamua nataka nini.

Akiwa bado mwanafunzi alikuwa akipiga picha za Safari Rally, yale mashindano ya magari ambayo miaka iliyofuata yaliwatoa jasho madereva katika matope ya Taita Hills. Mwaka 1963, akiwa hajafika hata miaka ishirini na moja, alianzisha kampuni yake ya Camerapix huko Dar es Salaam, kisha akaihamishia Nairobi. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 aliyapiga picha. Mwaka 1966 alirudi kisiwani humo, akakamatwa na kufungwa karibu mwezi mzima. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Amin alifika upesi mno hata akaingia ndani ya ambulansi na kamera yake. Kazi hiyo ilimpatia tuzo Uingereza.

Lakini jambo lililomfanya ajulikane dunia nzima lilitokea Oktoba 1984. Kaskazini mwa Ethiopia mvua zilikuwa zimekosekana, vita navyo vilikuwa vikiendelea, na maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika Korem na Mekele wakingojea chakula ambacho hakikuwapo. Amin alikwenda huko na Michael Buerk wa BBC. Alfajiri, ukungu ukiwa bado chini, alitembeza kamera polepole juu ya watu waliojifunga mashuka, wengine wao wamekwisha kufa usiku. Filamu ilionyeshwa tarehe 23 Oktoba, halafu vituo zaidi ya 400 vya televisheni vikairusha.

Hapa ndipo nyimbo zinapoingia. Bob Geldof aliitazama akiwa kwake, na kabla mwaka haujaisha wanamuziki wa Uingereza walikuwa wametoa wimbo wa kuchangisha. Machi 1985 Wamarekani nao wakatoa wao, uliotungwa na Michael Jackson na Lionel Richie. Aliyekuwa wa kwanza kuwahimiza ni Harry Belafonte. Huyu Belafonte ndiye aliyeimba Malaika pamoja na Miriam Makeba katika sahani ya 1965, wimbo uliovumishwa kwanza na Fadhili William Mdawida, mtoto wa huku kwetu Taita! Mjomba ana kaseti ya nyimbo za 1985, na Jumapili akiiweka hata majirani huimba.

Sasa niseme linalonisumbua. Mwaka 2022, wakati wa ule ukame, watu fulani walileta unga kule kwa nyanya, chini ya mlima Sagalla. Kabla ya kumpa, walimwambia aushike vizuri mfuko, atabasamu, wakampiga picha. Hakuna aliyemwuliza kama anataka. Nyanya aliupokea unga kwa sababu njaa haina aibu, lakini hadi leo akiona simu imeelekezwa kwake hufunika uso kwa leso. Je, wale wa Korem waliulizwa? Nilimpelekea nyanya swali hilo. Alinyamaza sana, akasema huyo wako angalau hakuwaambia wacheke. Mimi bado sijui. Bila zile picha wengi zaidi wangekufa, hilo silipingi. Lakini wimbo ule ukipigwa siku hizi huwa siuimbi wote.

Amin mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa mbali na hatari. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake John Mathai, mnasa sauti, aliuawa hapo hapo, na yeye akapoteza mkono wa kushoto. Watu wakasema kwisha. Alitengenezewa mkono wa bandia na kamera iliyofaa, akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Vijana watatu waliiteka, wakamwamuru rubani aende Australia, ingawa aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Walionusurika walisema Amin alikuwa amesimama akibishana na watekaji hao. Mafuta yaliisha, ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, Komoro. Watu 125 kati ya 175 walifariki, na Amin alikuwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Ndege hiyo ikigonga maji ilinaswa kwenye video. Aliyeinasa ni mtalii tu aliyekuwa pale ufukweni na kamera yake ndogo ya kujiburudisha.