Mirambo: Mtemi aliyeifunga njia ya pembe za ndovu

MKULIMA wa tumbaku wa Urambo anapotaja wilaya yake, anamtaja pia mtu. Nchi hiyo ya magharibi mwa Tabora ilipata jina lake kwa Mtemi Mirambo, ambaye wengi humkumbuka kama mpiganaji tu. Ni kweli alipigana, tena sana. Lakini vita vyake vikubwa vilitokana na maswali ambayo mfanyabiashara yeyote anayajua: nani atoze ushuru njiani, nani apeleke mali sokoni, na nani apange bei.

Mirambo alizaliwa mnamo 1840 katika ukoo wa watemi wa Uyowa, kaskazini magharibi ya Tabora, akaitwa Mbula Mtelya. Jina la Mirambo, lenye maana ya maiti, alilipata baadaye kwa sababu ya vita. Wakati wa ujana wake Wangoni walikuwa wameshafika Unyamwezi kutoka kusini, na masimulizi yanasema aliishi nao, akajifunza lugha yao na namna yao ya kupigana.

Nchi aliyoirithi ilikuwa ndogo, lakini mahali ilipokaa palikuwa pa thamani. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi hapo ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi kwa miguu. Kutoka hapo njia moja ilikwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema, na nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Waarabu kutoka Unguja na Omani walijenga nyumba zao Tabora na Kwihara, na aliyeshika nchi za magharibi na kaskazini ya mji aliweza kuwaminya.

Mizigo ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliolipwa ujira. Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na mvua zilipokaribia alitaka awe nyumbani alime. Tajiri aliyechelewa kupanga msafara alijikuta na pembe lakini hana mabega ya kuzibeba.

Fedha ya njia hiyo ilikuwa kitambaa, na kilichopendwa kuliko vyote ni merikani, nguo ngumu ya pamba iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts. Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833. Nchi hiyo yenyewe ilizaliwa katika ugomvi wa kodi. Wakazi wa Boston walimwaga chai ya Waingereza baharini mwaka 1773, wakikataa kodi ambayo hawakushirikishwa kuipanga, na mwaka 1776 makoloni yakajitangazia uhuru.

Uhuru huo haukumfikia mtumwa aliyelima pamba katika majimbo ya kusini. Kaskazini na kusini zilipopigana kwa ajili ya utumwa, kuanzia 1861 hadi 1865, merikani iliadimika Unguja na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Kwa hiyo mpagazi wa Tabora, bila kujua, alikuwa akilipwa kwa jasho la mtumwa wa ng'ambo. Na pembe alizobeba, nyingi ziliishia Connecticut, zikachongwa vitana na vibao vya piano.

Tabora nayo ilikuwa na ugomvi wake wa kodi, miaka hiyo hiyo, ila huku mambo yaligeuka. Mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sele, aliyerithi baada ya Fundikira, aliwataka wafanyabiashara wa Kiarabu walipe ushuru wa bidhaa zao. Wageni wakakataa. Hawakuishia kukataa tu, wakamng'oa mwenye nchi na kumweka Mkasiwa, mtu wa kuwaridhisha. Mnywa Sele alikimbilia porini na kuisumbua misafara kwa miaka kadhaa, hadi alipouawa mwaka 1865.

Yote hayo yalitokea wakati Mirambo akianza kutawala, kwa majirani zake. Kosa la Mnywa Sele lilikuwa wazi. Alidai ushuru kabla hajawa na nguvu ya kuukusanya.

Mirambo akaanza na nguvu. Alikusanya vijana walioitwa ruga-ruga, wengine mateka, wengine watoro wa misafara, wengine watumwa waliokimbia mabwana zao. Aliwapa bunduki, akawalisha, na walimtii yeye badala ya wazee wa koo zao. Mmoja mmoja watemi wadogo waliomzunguka waliangushwa au wakasalimu amri, na aliyesalimu mara nyingi aliachiwa kiti chake.

Kisha akadai hongo. Siku hizi neno hilo ni la aibu, lakini wakati ule hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita, na kila msafara uliitenga kwenye hesabu zake. Mwaka 1871 msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji ulidaiwa nguo, bunduki na mapipa ya baruti. Mwandishi Henry Morton Stanley, aliyekuwa Tabora mwaka huo akimtafuta Livingstone, alieleza kuwa walilipa na bado wakarudishwa walikotoka. Hapo Mirambo alivuka mpaka wa ushuru, akaifunga njia.

Agosti 1871 Waarabu wakamwendea kwa vita, na Stanley akiwa pamoja nao. Kijana Sud bin Said aliongoza kundi lililoingia Ulyankulu, wakateka pembe, nguo na watu. Mirambo hakuwazuia kuingia. Aliwasubiri kwenye nyasi ndefu wakirudi, wamelemewa na ngawira, na Sud hakufika nyumbani. Tarehe 22 mwezi huo huo ruga-ruga waliingia Tabora yenyewe, wakamuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, na kuchoma sehemu ya nyumba. Stanley ilimbidi azunguke kusini ili afike Ujiji.

Sultani Barghash alituma askari wa Kibaluchi kutoka Unguja. Hawakufua dafu.

Hata hivyo, njia iliyofungwa haimlipi anayeifunga. Baruti na nguo za Mirambo zilitoka Pwani kama za adui zake, na pembe zilizokaa ghalani haziliwi. Kufikia 1876 pande zote mbili zilikuwa zimechoka na misafara ikapita tena. Mwaka huo Stanley alirudi, akachanjiana naye damu, na kumfananisha na Napoleon wa Ufaransa. Mirambo akatafuta namna ya kuwaruka madalali wa Tabora. Alimtumia mfanyabiashara Mswisi, Philippe Broyon, kupeleka pembe Pwani, akamkaribisha mmisionari na daktari Ebenezer Southon akae Urambo kuanzia 1879, na akatafuta urafiki na John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja.

Ilikuwa hesabu nzuri, ikaharibiwa na vita vyake mwenyewe. Juni 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa Mpimbwe wakati jeshi lake liliposhambulia huko. Mirambo alieleza kwamba hakukusudia, lakini Kirk alijitenga naye.

Lipo doa jingine, na si dogo. Aliyepinga ubwana wa wageni wa Tabora hakupinga utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini bara utumwa uliendelea. Wanyamwezi wenye uwezo walinunua watumwa, wengi kutoka Manyema, wakawaweka mashambani walime wakati vijana wako safarini na pembe. Vita vya Mirambo vilileta mateka. Wavulana walifanywa ruga-ruga, wengine waligawiwa. Mahindi na mtama vilivyolisha ngome yake ya Iselamagazi havikulimwa na watu huru peke yao.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884 kwa ugonjwa wa koo. Wiki mbili kabla, wajumbe wa Ulaya walikuwa wameanza kikao chao Berlin kuweka masharti ya kugawana Afrika. Ndugu yake Mpandashalo akarithi, lakini nchi ilikuwa imeshikwa na mkono wa mtu mmoja, na watemi walioachiwa viti vyao wakaanza kujitenga. Ndani ya miaka michache Urambo ilirudi kuwa utemi kama mwingine.

Wajerumani walipandisha bendera Tabora mwaka 1890. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliwapinga hadi Januari 1893, alipolipua ghala la baruti akiwa ndani ya ngome yake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Urambo, na hongo ya njia hiyo ikawa nauli ya garimoshi, iliyolipwa dirishani.