William Grove na Umeme Utokao Katika Gesi

Wewe ukaaye Mwanza, au po pote kandokando ya Ziwa Victoria, bila shaka umeona dagaa wakianikwa juani juu ya mchanga na mawe. Dagaa hukauka upesi. Lakini sangara mzima hukawia, na asipopasuliwa huoza. Kwa nini? Maji ya samaki hutokea kwenye uso wake wa nje. Dagaa wengi, wakijumlishwa, wana uso mkubwa kuliko sangara mmoja wa uzito uleule. Likumbuke jambo hilo unaposoma habari za William Grove.

Grove alizaliwa mwaka 1811 katika mji wa Swansea, nchini Wales. Alikuwa mwanasheria, lakini alipenda mno sayansi. Wakati ule ilikwisha julikana kwamba umeme ukipitishwa katika maji huyatenganisha kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Grove alifanya kinyume chake. Mwaka 1839 alichovya vipande viwili vya platini katika asidi iliyozimuliwa kwa maji. Kimoja kilizungukwa na haidrojeni, cha pili oksijeni. Alipoviunganisha kwa waya, umeme ulipita, na gesi zikapungua, kwa kuwa ziliungana kuwa maji. Hiyo ndiyo seli ya fueli.

Lakini umeme ule ulikuwa haba. Grove alitambua kwamba kazi hufanyika pale tu ambapo gesi, asidi na platini hukutana. Kwa hiyo alivipaka vipande vyake unga wa platini ili uso wake uongezeke, na mwaka 1842 akaunganisha seli 50. Hata hivyo hazikufaa kwa matumizi ya kila siku. Grove aliendelea na sheria, akawa jaji mwaka 1871, akafariki mwaka 1896. Hakuwahi kuona mwaka 1969, ambapo seli za fueli ziliwapatia Wamarekani waliokwenda mwezini umeme na maji ya kunywa.

Siku hizi zipo seli ambazo, badala ya asidi, zina kauri, kitu kigumu kama kikombe cha udongo. Nyingi huhitaji joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Joto hilo huzichakaza na kuzifanya ghali. Likipunguzwa hadi nyuzi 600, kazi huwa ya polepole. Dawa yake ni ileile ya Grove: kuongeza uso. Wataalamu huunda elektrodi, yaani sehemu ambamo gesi hukutana na kauri, kwa chembe zinazopimwa kwa nanomita. Milimita moja ni nanomita 1,000,000! Shida iliyobaki ni kwamba chembe hizo, zikikaa katika joto, hushikamana na kuwa kubwa tena. Huenda wewe ukawa miongoni mwa watakaoitatua.

Jaribio: Anika robo kilo ya dagaa wabichi, na kando yake kipande kimoja cha sangara cha uzito huohuo. Vipime kila jioni kwa siku tatu. Ni kipi kilichopungua uzito upesi zaidi? Eleza sababu.