Rudolf Diesel: Mtu aliyeteswa na injini yake mwenyewe

Ukipita Lusahunga wilayani Biharamulo jioni utakuta malori yakielekea Rusumo, wilayani Ngara, ili yavuke kwenda Rwanda. Mengine huchepukia Nyakasanza kuifuata barabara ya Kabanga na Burundi. Ni nadra kukosa moja limeinuliwa kichwa pembeni, dereva na utingo wake wamelowa mafuta hadi viwikoni na spana zimetandazwa kwenye gunia. Injini wanayohangaika nayo, sawa na ile ya Canter ibebayo ndizi, ya trekta na ya mashine ya kusaga kijijini, ina jina la mtu. Mtu huyo ni Rudolf Diesel, na matengenezo yake yalimtesa yeye kabla ya kumtesa mwingine yeyote.

Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria, na baba alikuwa fundi wa bidhaa za ngozi. Vita kati ya Ufaransa na Prussia ilipozuka mwaka 1870 familia ililazimika kuondoka na kukimbilia London. Watu wa Ngara, walioona wakimbizi wakimiminika kupitia daraja la Rusumo mwaka 1994, hawahitaji kuelezwa maana ya kuondoka hivyo. Kijana huyo, akiwa na miaka 12 tu, alisafirishwa peke yake hadi Augsburg, Ujerumani, kwa ndugu wa ukoo aliyekuwa mwalimu wa hisabati.

Huko alisoma hasa. Mwaka 1880 alihitimu chuo cha ufundi cha Munich kwa alama za juu kabisa, na mwalimu wake Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kugandisha barafu, akampa kazi. Lakini kilichomkosesha usingizi ni injini ya mvuke iliyoendesha viwanda vya wakati ule. Sehemu kubwa ya moto wake ilipotea bure. Ni sawa na mfanyabiashara anayepakia magunia kumi ya maharage Ngara akafika sokoni na gunia moja.

Wazo lake unaweza kulipima nyumbani. Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, sukuma haraka mara kadhaa, pampu itapata joto. Diesel alitaka hewa ibanwe ndani ya silinda mpaka iwe moto wa kutosha kuwasha mafuta bila plagi. Aliomba hataza mwaka 1892, na kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kumjengea injini ya majaribio.

Tarehe 10 Agosti 1893 jaribio la kwanza nusura limuue, kwani kifaa cha kupimia mgandamizo kililipuka na vipande vikaruka. Ikafuata miaka ya kufungua na kufunga. Mwezi Februari 1894 injini ilizunguka kwa muda wa kama dakika moja, na hilo lilihesabiwa ushindi. Ni mwezi Februari 1897 tu ndipo profesa aliyeipima rasmi alikuta imegeuza kiasi cha asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, wakati injini nyingi za mvuke ziliambulia chini ya asilimia 10.

Fedha zikamiminika na Diesel akawa tajiri. Tatizo lilianza injini zilipotoka mikononi mwa waliozijenga. Ile iliyopelekwa mwaka 1898 katika kiwanda cha viberiti mjini Kempten ilisumbua mara kwa mara, na kampuni aliyoanzisha Augsburg ili kuziuza haikudumu. Yeye mwenyewe aliugua kwa uchovu. Kwa maoni yangu wateja hawakuwa na kosa. Mtambo uliwahi sokoni kabla ya fundi wake. Sisi tumeyaona hayo kwa pawatila za wakati wa Kilimo Kwanza, mpango uliozinduliwa mwaka 2009, ambapo nyingine zililala kwa kukosa vipuri na mtu wa kuzitengeneza.

Jambo moja linalowahusu wakulima moja kwa moja: katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Baadaye Diesel aliandika kwamba mafuta ya mimea yangeweza kuwa na umuhimu mkubwa siku za mbele. Ndiyo mbegu ya hamasa ya mbono tuliyoisikia nchini miaka ya 2000, ingawa waliolima mbono wengi hawakuona soko.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Madeni yalimzidi kutokana na kesi za hataza na uwekezaji mbaya. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akisafiri kwa meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza, alitoweka. Siku chache baadaye mwili ulionekana baharini, na vitu vilivyokuwa mifukoni vilitambuliwa na mwanawe kuwa vyake. Wengi huamini alijiua.

Hakuwahi kuona lori la dizeli likiuzwa. Injini yake ilisukuma mafuta kwa hewa iliyobanwa, na mtambo wa hewa hiyo ulikuwa mzito mno kwa gari. Malori yalikuja miaka ya 1923 na 1924, na mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ikaanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kupeleka mafuta kwenye nozeli. Hapo ndipo pochi ya mwenye gari wa leo inapotobokea. Vyuma viwili vinavyoteleza ndani ya pampu hiyo vimeachana kwa elfu chache tu za milimita. Vumbi lisiloonekana kwa macho, au maji kidogo kutoka dumu la barabarani, hutosha kuvikwaruza, na pampu iliyofunguliwa chini ya mwembe hairudi ilivyokuwa, iwe ya Fuso iliyotumika Japani au ya Scania za zamani zilizounganishwa Kibaha. Iache kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kuipimia.

Yako mengi unayoweza kufanya mwenyewe: kumwaga maji yaliyotuama kwenye filta, kubadilisha filta kwa wakati, kuchuja dizeli ya madumu, na kutoa upepo kwenye mfumo gari linapoishiwa mafuta kabla ya kumaliza betri kwa kupiga stata. Nozeli ukiijaribu nje ya injini, usiweke mkono mbele yake. Mafuta hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na aliyepenywa apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha linaonekana dogo kama la sindano.